Perovskaiti chini ya jua la Tanga: ufanisi na uimara ni kazi moja

Mtu wa Tanga anaponunua paneli ya sola huuliza mambo mawili: inatoa wati ngapi, na itadumu miaka mingapi. La pili ndilo zito huku kwetu. Kuanzia Raskazone mpaka Tongoni na Kigombe hewa ina chumvi, mabati hula kutu upesi, na nati iliyofungwa juu ya paa miaka michache iliyopita haifunguki tena mpaka ikatwe. Paneli za silikoni, hizi tunazozikuta madukani, zimeyajibu maswali yote mawili kwa muda mrefu. Perovskaiti, aina ya fuwele za kutengenezea seli za jua inayotajwa sana siku hizi kuwa ndiyo itakayofuata, imelijibu la kwanza kwa kasi ya kustaajabisha. La pili bado.

Habari zinazotufikia huyatenga maswali hayo. Leo tunaambiwa rekodi ya ufanisi, yaani sehemu ya mwanga inayogeuzwa kuwa umeme, imevunjwa, kesho tunaambiwa kilichobaki ni uimara tu, utadhani ni kazi mbili zisizojuana. Sivyo. Ndani ya perovskaiti, pale umeme unapopotelea ndipo pia uharibifu unapoanzia. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini seli hizi zimepanda haraka, kwa nini hufa mapema, na kwa nini dawa moja mara nyingi hutibu maradhi yote mawili.

Kitu chenyewe

Perovskaiti ya asili ni jiwe lenye kalisiamu, titaniamu na oksijeni. Mtaalamu wa madini wa Kijerumani, Gustav Rose, alilitambua mwaka 1839 katika sampuli kutoka milima ya Ural, akalipa jina la Mrusi Lev Perovski. Jiwe hilo silo linalowekwa kwenye seli za jua. Kilichochukuliwa kwake ni mpangilio wa fuwele tu. Katika seli, kuta za fuwele hujengwa kwa madini ya risasi na iodini, pengine na bromini kidogo, na ndani ya kila kizimba hukaa ayoni (chembe yenye chaji ya umeme) moja kubwa yenye chaji chanya. Mwanzoni ayoni hiyo ilikuwa methiliamoniamu. Ikumbuke, maana tutarudi kuisema vibaya.

Kinachowavutia watafiti ni urahisi wa kuitengeneza. Silikoni lazima isafishwe kwa kiwango cha juu sana, na huyeyuka kwa nyuzi 1,414. Perovskaiti ni chumvi: huyeyushwa katika kiyeyushi, hupakwa juu ya kioo, hupashwa moto wa nyuzi 100 hadi 150 hivi, ikawa fuwele. Tena hunyonya mwanga kwa nguvu sana, kiasi kwamba utando wa nusu mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) unatosha kufanya kazi ambayo silikoni huifanya kwa kipande cha mikromita 150 hivi.

Mwaka 2009, katika maabara ya Tsutomu Miyasaka huko Yokohama, Japani, seli ya kwanza ya aina hii iligeuza asilimia 3.8 ya mwanga kuwa umeme. Ilikuwa imewekwa katika kimiminika ambacho kiliyeyusha perovskaiti yenyewe, hivyo ikafa baada ya dakika chache. Mwaka 2012 kimiminika hicho kiliondolewa na tabaka gumu likawekwa mahali pake: kundi la Nam-Gyu Park wa Korea Kusini na Michael Grätzel wa Uswisi likafika asilimia 9.7, na kundi la Henry Snaith wa Oxford asilimia 10.9. Angalia kilichotokea hapo. Hatua moja, ya kuondoa kile kilichokuwa kikiyeyusha fuwele, iliongeza maisha na ikafungua njia ya ufanisi kupanda. Leo seli ndogo za maabara zimefika asilimia 27 hivi. Silikoni ilianza na asilimia 6 hivi katika maabara ya Bell Labs ya Marekani mwaka 1954, na imechukua takriban miaka 70 kufika hapo.

Umeme hupotelea wapi

Fotoni, yaani punje ya mwanga, ikiingia kwenye fuwele humpa elektroni msukumo ikaruka juu. Nyuma yake hubaki nafasi tupu ambayo nayo hutembea, ikiwa na tabia ya chaji chanya. Wataalamu huiita tundu. Kazi yote ya seli ni kuitoa elektroni upande mmoja na tundu upande wa pili kabla hazijakutana tena. Zikikutana njiani, nishati yake imepotea.

Zinaweza kukutana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha mwanga: elektroni inarudi mahali pake na kutoa fotoni. Hasara hiyo haiepukiki, na kwa kweli ni dalili ya afya. Seli bora ya jua, ikiachwa juani bila kuunganishwa na waya, hung'aa yenyewe kidogo, na maabara hupima mng'ao huo ili kujua ubora wa utando hata kabla elektrodi, yaani tabaka za kutolea umeme, hazijawekwa. Njia ya pili ndiyo adui: elektroni inanaswa na kasoro katika fuwele, tundu linafika hapo hapo, na nishati inaishia kuwa joto.

Kasoro zenyewe ni zipi? Mahali ambapo ayoni ya iodini haipo. Mahali ambapo risasi iliyo juu ya uso wa fuwele haina jirani wa kushikana naye. Mipaka kati ya punje moja ya fuwele na nyingine. Perovskaiti ina bahati kwamba nyingi ya kasoro zake za ndani si mitego ya kina. Elektroni hupita bila kukwama sana. Ndiyo sababu utando uliopakwa kama rangi unaweza kushindana na silikoni iliyosafishwa kwa gharama kubwa. Lakini usoni na mipakani bahati hiyo hupungua, na huko ndiko sehemu kubwa ya volti inakopotea.

Sasa fuata zile nafasi zisizo na iodini uone kazi yake ya pili. Ayoni ya iodini haikai imara katika fuwele hii. Ikipata nafasi tupu jirani huhamia, ikaacha nafasi nyingine nyuma yake. Kwa hiyo kadiri nafasi zinavyokuwa nyingi ndivyo iodini inavyosafiri. Ikifika kwenye elektrodi ya fedha huila na kuifanya kuwa iodidi ya fedha, na umeme hukosa njia ya kutokea. Oksijeni nayo huingia kupitia nafasi hizo hizo. Mwanga ukiwepo, huichukua elektroni iliyonaswa hapo na kuwa kali, kisha huishambulia methiliamoniamu. Na mipaka ya punje, ile iliyokuwa mitego ya elektroni, ndiyo njia ambayo maji huipitia kuingia ndani. Kinachobaki mwishoni ni iodidi ya risasi, utando wa njano usiofaa kitu. Utando ambao haujaharibika ni mweusi wa kahawia, kwa hiyo kifo cha seli hizi huonekana kwa macho.

Hapa ndipo kazi kubwa ya miaka hii inapofanyika, na mfano wake tunao ufukweni. Fundi wa jahazi hatafuti mbao zisizo na mwanya, kwani hazipo. Huikalafati mianya kwa pamba na mafuta, chombo kikaenda baharini. Watafiti hufanya vivyo hivyo kwa molekuli. Moja inayotumika sana ina ncha ya amoniamu upande mmoja na pete ya kaboni upande mwingine. Ncha huingia katika nafasi tupu ya uso wa fuwele na kuziba mtego; pete hubaki nje, na kwa kuwa haipatani na maji, huyafukuza. Molekuli nyingine zina ncha inayotoa jozi ya elektroni na kuishika ile risasi isiyo na jirani. Volti hupanda kwa sababu mtego umezibwa, na umri hurefuka kwa sababu mlango umefungwa. Ni tendo moja.

Ila kalafati nayo hulegea. Seli ikikaa kwenye joto kwa muda mrefu, baadhi ya molekuli hizo za amoniamu huzama ndani ya fuwele, hubadilisha mpangilio wake, na kuweka tabaka linalozuia umeme kupita. Seli iliyopendeza siku ya kwanza hushuka baada ya wiki kadhaa za joto. Ndiyo maana mimi binafsi sivutiwi na tangazo la ufanisi lisilotaja seli ilikaa saa ngapi na kwa nyuzi ngapi.

Joto la paa

Paneli hupimwa kiwandani kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na nyuzi 25. Juu ya paa la Tanga, mchana wa kaskazi, nyuzi 25 hazipo. Paneli huwa na joto kuliko hewa kwa nyuzi 20 hadi 30 hivi, kwa hiyo kufika 60 ni jambo la kawaida. Silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi inayozidi 25, maana yake zaidi ya sehemu moja ya kumi hupotea saa ile ile ambayo jua ni kali. Perovskaiti hupoteza kidogo kuliko hapo, na kwa nchi yetu hiyo ni sifa kubwa inayosemwa kwa nadra mno.

Tatizo ni kwamba joto hilo hilo huivunja methiliamoniamu. Molekuli hiyo ni nyepesi na hutoroka kama gesi. Badala yake watafiti wengi wamehamia kwenye formamidiniamu, ambayo ni kubwa zaidi, huvumilia joto, na huifanya fuwele ikamate sehemu pana zaidi ya mwanga wa jua. Lakini ni kubwa kupita kiasi kwa kizimba chake. Ikiachwa peke yake katika joto la kawaida la chumba, fuwele nyeusi hujipanga upya polepole ikawa ya njano isiyotoa umeme, hata kama hakuna tone la maji lililoigusa.

Mnorwe Victor Goldschmidt aliandika kanuni ya vipimo hivyo mwaka 1926, miaka mingi kabla mtu yeyote hajafikiria seli za perovskaiti: uwiano wa ukubwa wa ayoni ndio unaoamua kama kizimba kitasimama wima au kitajikunja. Sesiamu, ayoni nyingine inayoweza kukaa kizimbani, ni ndogo mno, formamidiniamu ni kubwa mno. Ukichanganya, yaani formamidiniamu nyingi na sesiamu kidogo, wastani huangukia mahali pazuri na fuwele nyeusi hutulia. Hili nalo liliongeza ufanisi pamoja na umri, kwa kuwa fuwele isiyojikunja ina kasoro chache.

Bahari

Zuia maji, zuia hewa: hilo kila mtu anaelewa, na kwa maabara nyingi ni suala la kufunika tu. Kwetu ni zaidi ya hapo. Unyevu wa pwani hauji siku ya mvua peke yake. Upo usiku, upo wakati wa masika, upo hata kiangazi, na hubeba chumvi.

Kwanza kuna adui wa ndani. Seli nyingi za zamani zilitumia tabaka la kupitisha matundu lililochanganywa na chumvi ya lithiamu, na chumvi hiyo huvuta unyevu. Ni kuyakaribisha maji yakae juu ya kitu kinachoyaogopa. Miundo ya sasa imeligeuza jengo juu chini, na badala ya tabaka lile hutumia molekuli zinazojipanga zenyewe safu moja juu ya elektrodi, nyembamba sana, bila lithiamu. Nayaona mageuzi haya kuwa muhimu kwa pwani kuliko rekodi yoyote.

Kisha ndipo kufunika. Njia inayoaminika ni vioo viwili, mbele na nyuma, na kingo zilizozibwa kwa mpira wa butili ambao hupitisha mvuke wa maji kidogo sana. Hapo ndoto moja inayouzwa sana hugonga mwamba. Tunaambiwa perovskaiti italeta paneli laini, nyepesi, za kukunja kama mkeka, juu ya plastiki. Inawezekana kuzitengeneza, lakini plastiki ya kawaida hupitisha mvuke, na plastiki inayouzuia kwa miaka mingi ni ghali. Mtu akikuletea karatasi ya perovskaiti ya bei rahisi uitandike juu ya paa huko Mwambani, mwulize maji yatazuiwa na nini.

Hesabu ya saa

Vipimo vya kimataifa vya paneli huziweka kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, na huzipitisha mara 200 kati ya baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri na joto la 85. Paneli za perovskaiti zilizofunikwa vizuri zimeanza kufaulu. Ni hatua ya kweli. Lakini kipimo hicho cha unyevu hufanyika gizani na kilibuniwa kwa silikoni, ambayo haiharibiwi na mwanga kwa namna perovskaiti inavyoharibiwa. Mwaka 2020 watafiti wa nchi nyingi walikubaliana juu ya taratibu za kupima perovskaiti kwa mwanga, joto, na zamu za usiku na mchana, na ripoti zikaanza kulinganishika.

Ukisoma kwamba seli ilidumu saa 1,000 chini ya mwanga kamili, piga hesabu. Tuseme siku ya Tanga hutoa mwanga unaolingana na saa 5 za jua kamili. Saa 1,000 ni siku 200. Miaka 25 ni zaidi ya saa 45,000.

Hesabu ya pili huonyesha kwa nini jambo hili linaamua kila kitu. Chukua paneli ya asilimia 22 inayopoteza nusu ya asilimia kila mwaka, na nyingine ya asilimia 26 inayopoteza asilimia 5 ya nguvu iliyobaki kila mwaka. Ya pili huanza mbele. Kufikia mwaka wa tano nguvu yake imeshaachwa nyuma. Kwa miaka 25 umeme wote itakaokuwa imetoa utapungua kwa zaidi ya robo ukilinganishwa na wa ile iliyoonekana dhaifu. Kwa mvuvi anayechaji taa za dagaa, au zahanati yenye friji ya chanjo, ufanisi wa siku ya kwanza si ufanisi. Ufanisi ni jumla ya umeme uliotoka mpaka paneli iliposhushwa.

Kwa hiyo naona njia itakayofika kwetu mapema si perovskaiti peke yake bali iliyopandishwa juu ya silikoni. Ya juu hukamata mwanga wa buluu na kijani, ya chini hukamata mwekundu na ule usioonekana. Silikoni peke yake haiwezi kuvuka asilimia 29.4 kwa nadharia. Seli za kupandishana za kampuni ya LONGi ya China zilifika asilimia 34.85 mwaka 2025, na kampuni ya Oxford PV ya Uingereza ilianza kupeleka kwa wateja paneli za aina hii, zenye ufanisi wa asilimia 24.5, mwezi Septemba 2024. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ni tofauti kati ya seli ndogo ya maabara na paneli nzima. Nazo zina maradhi yake: perovskaiti ya juu huhitaji bromini nyingi, na bromini na iodini zikiwa pamoja chini ya mwanga hujitenga, kila moja ikaunda maeneo yake, volti ikashuka. Dawa inayosaidia ni ile ile, kupunguza nafasi tupu ambazo ayoni huzitumia kuhama.

Risasi

Kuna jambo ambalo wauzaji watalipitia haraka. Utando wa nusu mikromita juu ya mita moja ya mraba una takriban gramu 0.7 za risasi. Ni kidogo sana. Betri moja ya asidi katika nyumba zetu ina kilo nzima nzima. Lakini risasi ya betri imo ndani ya boksi, na hii iko juu ya paa, katika umbo linaloyeyuka kwa maji, na nyumba nyingi za vijijini hukinga maji ya mvua kutoka paa hilo hilo. Kioo kikivunjwa na nazi au na jiwe, maji hayo hayafai kunywewa. Watafiti wamejaribu tabaka linalonasa risasi inayovuja, na katika jaribio lililotangazwa mwaka 2020 lilinasa zaidi ya asilimia 96. Ningependa tabaka hilo liwe sharti kwa paneli yoyote ya perovskaiti itakayoshushwa bandarini. Kubadilisha risasi kwa madini ya bati kumejaribiwa pia, ila bati huoksidika upesi na ufanisi huanguka.

Kipimo ambacho bado tunakihitaji

Kwa nyumba ya leo, nunua silikoni. Paneli za kupandishana zitakapofika, muulize muuzaji takwimu yake ni ya seli ndogo au ya paneli nzima, mwanga na joto vilijaribiwa kwa pamoja au kimoja kimoja, kingo zimezibwa kwa nini, na dhamana inakubali ukungu wa bahari au inauondoa kwa maandishi madogo.

Na kuna swali moja ambalo halitajibiwa na maabara ya mbali. Majaribio mengi ya muda mrefu hufanywa seli ikiwa imeunganishwa na mzigo, umeme unatoka wakati wote. Perovskaiti huchakaa haraka zaidi ikiwa juani bila umeme kutoka, kwa kuwa elektroni na matundu hurundikana ndani na ayoni husukumwa huku na huku. Sasa fikiria mfumo mdogo wa nyumba ya Kigombe: betri inajaa kabla ya adhuhuri, watu wako shambani au baharini, hakuna kinachotumia umeme, na kontrola nyingi za chaji huikata paneli. Kuanzia hapo mpaka alasiri paneli inakaa kwenye jua kali zaidi la siku katika hali iliyo mbaya zaidi kwake, kila siku, mwaka mzima. Jaribio la kufanywa Tanga liwe hilo: paneli ziwekwe ufukweni, nusu zikiwa na mzigo wa kudumu na nusu zikikatwa betri inapojaa, zipimwe kupitia kaskazi, masika, kusi na vuli, kwa miaka kadhaa, na vipimo vya mwezi hadi mwezi viwekwe wazi kwa mafundi na wanunuzi.